Umefunga tairi kubwa na gari imebadilika: dalili, sababu, na lini resho ya difu inahusika kweli

Malalamiko ni yale yale. Mtu ana Landcruiser mkonga, au Prado, au Hilux, anatoa tairi zilizokuja na gari anaweka za inchi 33 au 35, wiki ya kwanza anapiga picha, wiki ya pili anauliza mbona gari imelala. Kila anayemuuliza anamjibu "badilisha resho", naye anakimbilia kutafuta krauni na pinioni (gia kubwa na ndogo zinazokutana ndani ya difu) wakati hajapima hata kitu kimoja. Difu sio kitu cha kufungua kwa kubahatisha, hela yake ni kubwa na ikifungwa vibaya unarudi kwenye tatizo baya kuliko lile la mwanzo. Kwa hiyo nimepanga kwa dalili, anza na ya kwako.

Kwanza hesabu, dakika tano tu

Resho ya difu ni propela shafti (ile shafti inayopeleka nguvu kwenye difu) izunguke mara ngapi ndio tairi izunguke mara moja. Difu yenye meno 41 kwenye krauni na 10 kwenye pinioni ni 4.10. Ukiweka tairi kubwa kila mzunguko unaenda mbali zaidi, kwa hiyo injini inakuwa muda wote kama iko gia moja juu ya ile inayotakiwa. Kujua resho gani inakurudisha ulipokuwa, chukua resho ya sasa, zidisha kwa kipenyo cha tairi mpya, gawanya kwa kipenyo cha tairi ya zamani.

Mfano, 235/85R16 ina kipenyo kama milimita 806. Ukienda 285/75R16 unapata 834 hivi, 4.10 yako inatakiwa iwe 4.24, ya karibu sokoni ni 4.30. Ukienda 35, yaani milimita 889 kwa namba ya ubavuni, unapata 4.52, hapo unatafuta 4.56. Maoni yangu, kama tofauti ya tairi haifiki asilimia 5 na gari ni manyuo (gia za mkono), acha difu ilivyo. Kuanzia asilimia 7 na mizigo juu anza kufikiria, 35 kwenye gari iliyotoka kiwandani na tairi za inchi 30 au 31 usijidanganye, utabadilisha tu.

Namba za ubavuni huwa zinadanganya kidogo, na tairi ikibeba mzigo inakaa chini. Ukitaka uhakika chora chaki chini ya tairi na sakafuni palepale, sukuma gari kwa mstari ulionyooka mpaka alama ya tairi irudi chini, pima umbali. Fanya hivyo kwa tairi ya zamani na mpya, zote zikiwa na upepo unaotumia safarini, alafu tumia hizo badala ya kipenyo, hesabu inatoka ile ile.

Dalili: gari nzito, gia ya tano haikai, mlimani unashuka mpaka namba tatu

Sababu kubwa hapa ni resho kweli, ila ndio ya mwisho kuguswa maana hizi zingine ni bure au karibu na bure.

Upepo kwanza. Watu wanatoka porini wameshusha upepo kwa ajili ya mchanga alafu wanapanda lami hivyo hivyo. Pili uzito, tairi za matope na rimu za chuma, ongeza hema juu ya keria, bampa ya chuma, winchi, matanki mawili ya dizeli, vyote vimefungwa mwezi mmoja alafu lawama zote anapewa tairi. Tatu, shika rimu moja moja kwa uangalifu baada ya kutembea kilomita kumi bila kukanyaga breki sana, ukikuta moja ni ya moto kuliko wenzake ile breki inashika, haina uhusiano na difu. Nne, filta ya hewa na ya dizeli.

Alafu kuna kitu watu wanakisahau, mwinuko. Injini isiyo na turbo kama 1HZ ya Landcruiser inapoteza nguvu kama asilimia 1 kila mita 100 unazopanda. Arusha mjini tayari uko mita 1,400 hivi, ukingo wa Ngorongoro unapita 2,200. Gari inayovuta vizuri Dar ikichoka ukitoka Mto wa Mbu kupanda Karatu, sehemu ya kuchoka huko ni hewa, na hiyo ilikuwepo hata kabla ya tairi. Linganisha kilima kile kile, mzigo ule ule.

Klachi nayo ipime. Tembea taratibu kwenye barabara iliyonyooka, weka gia ya nne au tano, kanyaga mafuta mpaka chini. Mshale wa mizunguko ukipanda wakati gari haiongezi mwendo, klachi inateleza. Tairi kubwa zinaimaliza klachi haraka hasa kwenye kurudi nyuma kwa kupanda, na ukibadilisha klachi peke yake bila kugusa resho itakufa tena.

Vyote hivyo viko sawa na gari bado imelala, basi ni resho.

Mwenye Land Rover Defender, ongeza swali moja: transfa (gia boksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma) ni ya nani? Defender nyingi za zamani zinatoka na transfa ya LT230 yenye gia ya juu ya 1.41, Discovery yenye transfa hiyo hiyo ni 1.22. Zinaingiliana bila shida na mafundi wamezibadilishana miaka mingi. Kama gari yako iliwekewa ya Discovery na mwenye nayo wa zamani, umepoteza zaidi ya asilimia 13 ya mvuto kabla hata ya kufunga tairi. Hapo dawa ni kurudisha transfa, difu za 3.54 ziache.

Dalili: otomatiki inahangaika na gia, inapanda inashuka, joto linapanda

Resho ndefu, yaani namba ndogo kuliko tairi inavyotaka, inafanya gia boksi isijue ikae wapi. Inaingia gia ya juu, inashindwa, inashuka, inarudi tena. Konveta ikiwa haijajifunga yenyewe inazalisha joto jingi, na joto ndilo linaloua otomatiki.

Jaribu hivi: mlimani zima ovadraivu au ishikilie gia ya chini mwenyewe. Ikitulia, tatizo ni resho au mzigo. Isipotulia, chomoa kijiti cha oili ya gia boksi kama gari yako inacho, angalia rangi na nusa. Oili nzuri ni nyekundu na safi. Ikiwa kahawia iliyoiva na inanuka kuungua, simama hapo, usipande nayo mlima mwingine, peleka kwa fundi wa otomatiki. Sio fundi wa difu, na sio yule anayefanya kila kitu. Resho mpya haifufui gia boksi iliyoshaungua.

Dalili: spidomita inadanganya, na mafuta yanaonekana kuliwa sana

Hizi ni dalili mbili zenye mzizi mmoja. Tairi ikikua asilimia 7, ukiona 80 uko kwenye 85 na kitu, ukiona 100 uko 107. Pima kwa GPS ya simu kwenye barabara iliyonyooka. Kwenye kibao cha 50 hiyo tofauti trafiki hataisikiliza.

Na kwa sababu kilomita nazo zinahesabiwa pungufu, watu wanapiga hesabu ya mafuta vibaya. Umeweka lita 60, kilomita zimesoma 480, unasema 8 kwa lita. Kiukweli umetembea karibu 514, ni karibu 8.6. Bado imekula zaidi kuliko zamani maana tairi ni nzito na pana, ila sio maafa uliyodhani.

Ukishabadilisha difu mambo yanageuka kutegemea gari inasomea wapi. Zinazosomea kwenye transfa au gia boksi (magari ya zamani mengi, kwa kagia kadogo ka plastiki na kebo, au sensa), ukipata resho inayolingana na tairi basi spidomita inajirudi yenyewe. Zinazosomea kwenye sensa za ABS za magurudumu hazijui kama umegusa difu, zinajua tairi tu, inabidi ziprogramiwe au ufunge kifaa cha kurekebisha. Kwa hiyo mtu akisema "nilibadilisha resho na spidomita haikurudi", fundi wake hajakosea lazima.

Dalili: umeshabadilisha resho, injini inapiga kelele lami na haina mwendo

Hapa mtu alipitiliza. Kasikia 4.88 ni nzuri, kaweka kwenye tairi 33. Kama 4.10 na tairi za milimita 806 ilikuwa mizunguko 2,600 kwa mwendo fulani, 4.88 na tairi za 834 inakupeleka karibu 2,990 kwa mwendo ule ule. Kwa gari ya porini tu unaweza kuipenda. Kwa gari inayotoka Arusha kwenda Dar kila wiki utachoka wewe na injini. Dawa ni tairi kubwa zaidi au resho nyingine, hakuna njia ya katikati.

Dalili: ukiingiza four wheel gari inakaza, stelingi nzito, lever ya transfa inang'ang'ania

Hii ndio inayovunja vitu, isome taratibu.

Kawaida kabisa: uko kwenye lami. Gari ya four wheel ya kuingiza, kama mkonga au Hilux, haina difu ya katikati, kwenye lami kavu lazima ikaze ukikata kona. Peleka kwenye vumbi au matope jaribu tena.

Inafuata tairi za ukubwa tofauti. Mbele mpya nyuma zimeisha, au spea ya saizi ya zamani imefungwa upande mmoja. Pima zote nne.

Alafu frihabu (kile kifungio kwenye habu ya mbele kinachounganisha gurudumu na ekseli) ya upande mmoja kukwama.

Mwisho, na hii ni ya waliobadilisha resho, mbele na nyuma hazifanani. Inatokea zaidi kuliko mtu anavyofikiri. Mwenye gari kabadilisha nyuma tu "ya mbele tutafanya mwezi ujao", au kauziwa difu iliyotumika kwa maneno bila kuhesabiwa meno. Nyuma 4.10 mbele 4.88, ukifunga four wheel, nyuma ikitaka kwenda mita 100 mbele inataka kwenda 84. Hata 4.10 na 4.30, mbele inataka 95. Hiyo tofauti lazima iishie mahali: tairi ziteleze, na zikikataa kuteleza, transfa au jointi za propela zinalipa. Kwenye gari ya four wheel ya muda wote, kama Prado nyingi au Defender, ni mbaya zaidi maana difu ya katikati inafanya kazi kila sekunde hata lami, inachemka mpaka inakufa.

Namna ya kuhakiki bila kufungua difu: egesha sehemu tambarare, gia nyutro, weka mawe mbele na nyuma ya tairi zinazobaki chini. Nyanyua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, weka stendi, usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake. Achia hendibreki, na kwenye Defender hii ni lazima zaidi kwa sababu hendibreki yake inashika propela yenyewe, sio gurudumu. Weka alama ya chaki kwenye tairi na kwenye propela. Zungusha tairi mara 20 huku mwenzako anahesabu propela. Kwa sababu gurudumu moja limesimama chini, mizunguko 20 ya hili la juu ni sawa na 10 ya difu. Propela ikizunguka 41 una 4.10, ikizunguka 43 una 4.30, ikikaribia 49 una 4.88. Rudia mbele, frihabu zikiwa zimefungwa na transfa ikiwa 2H (nyuma tu inavuta), au nyutro kwa zile za muda wote. Difu yenye LSD au loka iliyojifunga (zinazobana magurudumu mawili yazunguke pamoja) haitakubali hivyo, nyanyua magurudumu yote mawili ya ekseli hiyo, mawe yawe ya kueleweka kwenye yale mengine, zungusha mara 10.

Zikitofautiana, usiingize four wheel kabisa mpaka zilingane. Kwa zile za muda wote gari isitembee. 4.10 ya meno 41 kwa 10 na 4.11 ya 37 kwa 9 zina tofauti ndogo mno, hizo ni kama mapacha.

Dalili: difu inalia baada ya kufungwa

Sikiliza inalia lini kabla ya kumpigia fundi.

Mlio unaofuata mwendo na unabadilika barabara ikibadilika, lami laini na lami chakavu, ni tairi za matope. Watu wengi wamefungua difu nzima kwa ajili ya mlio wa tairi. Badilishana tairi na gari ya mwenzako siku moja.

Inalia ukikanyaga mafuta: angalia kiwango cha oili kwanza, fungua tundu la kujazia, kidole kiguse oili pale mdomoni. Oili iwe GL-5 ya gredi iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na kama ni LSD iwe ya LSD. Oili ikiwepo na bado inalia, krauni na pinioni hazikukutana vizuri.

Inalia ukiachia mafuta tu, mara nyingi beringi za pinioni zimelegea au nati ya pinioni imelegea. Shika propela pale inapofungwa na difu, isukume juu chini. Ikicheza hata kidogo, egesha. Hii haisubiri wikiendi.

Ngurumo ya chini isiyobadilika ukikanyaga wala ukiachia, beringi. Mlio wa kwenye kona tu, gia ndogo za ndani au beringi za magurudumu.

Sasa kwa nini difu mpya ilie? Krauni na pinioni zinasagwa pamoja kiwandani na zinauzwa kama pea, nyingi zina namba za kufanana zilizochongwa. Ukichukua pinioni ya hii na krauni ya ile hata kama meno yanalingana idadi, italia tu. Alafu kuna vipimo: pinioni imeingia kina gani, ambacho kinawekwa kwa shimu, na nafasi kati ya meno, ambayo kwenye Toyota nyingi inaangukia kati ya milimita 0.13 na 0.20, inapimwa kwa dayo geji (kipimo chenye mshale). Meno yanapakwa rangi, yanazungushwa, mtu anaangalia alama imekaa katikati ya jino au imekimbilia pembeni. Na kile kibomba cha chuma kati ya beringi za pinioni, kile kinachojikunja ukikaza nati: ukipitiliza kukaza huwezi kulegeza ukarudi, unatoa unaweka kipya. Fundi anayekwambia anaseti kwa kusikilizia mkononi, mshukuru, chukua difu yako uondoke.

Kuna njia rahisi wenye Landcruiser wa zamani wanaijua. Difu ya nyuma ya mkonga inatoka nzima kwa mbele ya hausingi, kwa hiyo badala ya kununua krauni peke yake unatafuta difu kamili iliyotumika, haijafunguliwa, yenye resho unayotaka, unabadilisha kipande kwa kipande bila kuseti chochote. Gerezani na Ilala kwa Dar, au Kirinyaga Road kwa Nairobi, utazikuta, ila hesabu meno wewe mwenyewe kabla ya kutoa hela, na hesabu mistari ya sehemu inapoingia ekseli maana hailingani kila mwaka. Angalizo: Landcruiser ya 80, difu ya mbele meno yake yamekatwa kinyume, pinioni iko juu. Seti ya kawaida haiendi humo.

Ukishafunga mpya, safari ya kwanza iwe taratibu kilomita 25 au 30, iache ipoe kabisa, rudia mara kadhaa. Usivute trela wala kukimbia kilomita 800 za mwanzo, alafu mwaga oili. Ute wa kijivu kwenye sumaku ya nati ya chini ni kawaida. Chembe unayoweza kuishika kwa vidole sio kawaida.

Dalili: difu inachemka au inavuja

Joto kiasi ni sawa. Ukishindwa kuweka mkono baada ya mwendo mdogo, oili ni pungufu au beringi zimebanwa sana, simama. Kuvuja kwenye sili ya pinioni muda mfupi baada ya kufungwa, kabla ya kulaumu sili angalia kibriza, ule mrija wa kupumulia juu ya hausingi, tope likiziba presha inasukuma oili nje, na ukiingia mtoni difu ikiwa ya moto inanyonya maji. Oili ikitoka nyeupe kama maziwa, mwaga yote, weka mpya, tembea kidogo, mwaga tena.

Dalili: usukani unatetemeka mwendo wa 60 mpaka 80

Resho haitetemeshi usukani. Balansi, tope kavu ndani ya rimu, alafu kwa zenye ekseli ngumu mbele angalia beringi za kingpini, beringi za magurudumu, tairodi endi. Stelingi dampa mpya inaficha tu. Kama mtetemo uko chini ya kiti na gari ilinyanyuliwa, angalia pembe za propela. Usukani ukianza kujipiga kushoto kulia kwa nguvu, punguza mwendo bila kukanyaga breki ghafla na usiendelee na safari.

Dalili: mlipuko "kah", alafu gari haiendi

Meno yamekwenda. Resho fupi, yaani ya namba kubwa, mara nyingi inapatikana kwa pinioni ndogo, 39 kwa 8 pinioni yake ni nyembamba kuliko ya 41 kwa 10, na tairi 35 ina mkono mrefu wa kuivunja. Kukanyaga mafuta gurudumu likiwa hewani alafu likadaka ardhi ndio kifo chenyewe, loka ikiwa imefungwa ndio zaidi.

Ukiwa porini: ya mbele ikivunjika kwenye gari yenye frihabu, zifungue, rudi na 2H. Ikianza kugonga hata hivyo, toa propela ya mbele. Ya nyuma ikivunjika kwenye mkonga, ambayo gurudumu linashikwa na habu na sio ekseli, unaweza kuchomoa ekseli zote mbili za nyuma na propela ya nyuma, ziba habu kwa kitu kisichopitisha vumbi, funga frihabu, ingiza 4H, tembea pole pole ukivutwa na mbele. Prado na Hilux usijaribu, kule ekseli ndiyo inayoshika gurudumu, ukiichomoa gurudumu linatoka nayo. Hapo ita gari ya kuvuta, na tairi za nyuma ziwe juu.